Mtazamaji wa Tatu

Kwenye kona ya kioo cha kompyuta paliandikwa: watazamaji watatu.

Mama Kidosho alihesabu tena, ingawa hesabu ya watu wawili haihitaji kalamu. Yeye mwenyewe alikuwa mezani kwake, katika ofisi ya mizigo. Upande wa pili, nyumbani kwa mama yake mzazi, simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na mbele yake alikaa Kidosho, binti yake wa miaka mitano, ameshika chupa mbili za dawa. Basi. Hakukuwa na mwingine.

"Ipi, Mama?" Kidosho aliuliza.

"Yenye kizibo chekundu, mwanangu. Kijiko kimoja, kisijae."

Hivyo ndivyo walivyofanya kila siku saa sita mchana. Mtoto alikuwa na pumu. Bibi yake macho yalishaingia ukungu, hawezi kusoma maandishi ya chupa, na siku alipokosea dawa walimkimbiza Kidosho hospitali akiwa na rangi ya majivu. Simu za wafanyakazi zilifungiwa kwenye sanduku la mlinzi getini tangu asubuhi. Ilibaki kompyuta ya ofisi, intaneti ya ofisi, na dakika tisa za kuiba.

Mshale wa kipanya ukasogea. Mikono ya Mama Kidosho yote miwili ilikuwa mapajani. Mshale ukatambaa juu ya kioo, ukafika kwenye uso wa mtoto, ukatulia katikati ya paji. Hapohapo ikaja harufu kama ya nywele zilizoangukia motoni.

Akakata mawasiliano upesi.

"Kuna mtu anatuchungulia," alimnong'oneza Mzee wa Mechi, jirani yake wa meza. Jina hilo walimpa kwa sababu hakuna mpira uliochezwa duniani ambao hakuutazama kwa siri, orodha ya mizigo ikiwa juu na mechi imejificha chini.

"Ni Mkurugenzi huyo. Si aliweka mtambo wake wa kutuangalia mwezi jana? Sasa hivi ukijikuna mgongo anajua umekuna upande gani."

"Na hii harufu?"

"Hiyo ni soksi zangu, mama. Nisamehe."

Mzee wa Mechi alicheka, na Mama Kidosho akacheka naye. 

Kila asubuhi printa ilitoa karatasi ya makosa, na Mkurugenzi aliisoma mbele ya wote, tumbo mbele, miwani puani. Siku iliyofuata alisoma kama kawaida.

"Bi Harusi. Magauni, dakika arobaini." Huyo alikuwa binti wa meza ya wateja, aliyebakiza wiki mbili aolewe, na kazi yake siku hizi ilikuwa kulinganisha mashela. "Mzee wa Mechi. Mpira, dakika sabini na mbili. Mtu mzima ovyo!"

"Kulikuwa na muda wa nyongeza, mkuu."

Watu wakaangua kicheko. Mkurugenzi hakucheka.

"Mama Kidosho. Mtoto, dakika tisa. Pafu la kushoto ni bovu kuliko la kulia."

Mkurugenzi alikuwa ameshayasoma maneno hayo kabla hajayaelewa. Mama Kidosho hakuwa amemwambia mtu yeyote pale kazini kwamba mwanawe anaumwa, na hata daktari hakuwa amesema kushoto wala kulia.

"Nani ameandika hayo?" aliuliza.

"Mtambo umeandika."

"Mtambo unajua mapafu?"

"Rudini kazini," Mkurugenzi alisema, akakunja ile karatasi mara nne.

Haikufika saa nne. Bi Harusi, sikio la kufa halisikii dawa, alifungua magauni yake tena. Kwanza ulisikika mkwaruzo, kama wa kucha zinazopita kwenye kioo, ila kucha zenyewe zilikuwa upande wa ndani. Kisha harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumba kizima. Binti akainama kuangalia kuna nini, akaweka kiganja chake juu ya kioo, na kioo kikalainika kama uso wa maji, ukatoka mkono mrefu mweusi usio na nyama, ukamkamata kifundo cha mkono, ukamvuta mpaka kifua chake kikagonga meza na kibodi ikaruka, huku sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke ikihesabu kwa utaratibu kabisa, kama karani mwema.

"Dakika kumi."

Kidole cha kwanza kikavunjika. Kililia kama kuni kavu.

"Dakika ishirini."

Mzee wa Mechi alimkumbatia Bi Harusi kiunoni akamvuta, Mama Kidosho akavuta mkono, wengine wakapanda juu ya viti wakipiga mayowe.

"Dakika thelathini. Dakika arobaini."

Vilipokwisha vidole vinne, mkono ulimwachia, nao watatu wakaanguka chali wakiwa wamelowa damu. Mfupa mmoja ulikuwa umechomoza nje, mweupe.

"Ni hitilafu ya umeme," Mkurugenzi alisema mlangoni, midomo imemkauka. "Mpelekeni hospitali. Wengine, kazi iendelee."

"Umeme unahesabu?" Mzee wa Mechi alimfokea, na lile neno 'mkuu' hakulitamka tena. Akamgeukia Mama Kidosho. "Dada yangu mkubwa ni mganga, anaishi mtaa wa nyuma hapo. Usifungue kitu. Ninakwenda na kurudi."

Mama Kidosho alikuwa ameshika mkoba ili aondoke. Kwa mama yake ni safari ya saa tatu. Alikuwa hajafika mlangoni kompyuta yake ikawaka yenyewe, na chumba cha mama yake kikatokea kiooni: mkeka, chupa ya chai, pazia la buluu. Hapakuwa na mtu. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe, sauti yake hasa, ikitoka ndani ya kompyuta.

"Kidosho! Njoo, mwanangu. Sogea karibu na kioo."

Akaurukia waya, akauchomoa ukutani. Kioo hakikuzimika.

Mganga alipoingia hakuwa na vibuyu wala moshi. Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa uzi. Alinusa hewa mara moja tu.

"Jini huyu ana njaa ya kazi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nyumba ya watu wengi namna hii haingii mpaka akaribishwe. Mmetia sahihi nini?"

Mkurugenzi akajifanya hasikii.

"Tulitia sahihi ule mkataba wa mtambo," alisema Mzee wa Mechi. "Wote, karatasi moja."

Mama Kidosho aliichomoa mwenyewe kutoka kabatini kwa Mkurugenzi. Mganga aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini, pamoja na Mkurugenzi, tunamruhusu... aone kila tunachokifungua, na afike popote kinapofika." Kati ya 'tunamruhusu' na 'aone' palikuwa na nukta nyingi tu. Chini yake kulikuwa na sahihi kumi na mbili.

"Hapa pana jina la nani?"

"Nilipaacha wazi makusudi," Mkurugenzi alisema. "Asiyemjua anayemwangalia humwogopa kila mtu. Ni mbinu ya uongozi."

"Mbinu!" Mganga alivua miwani. "Umeandika barua ya mwaliko, ukawafanya watu watie sahihi, ukaacha mlango bila jina. Ulidhani nani ataingia, malaika? Kiti kikiwa kitupu hukaliwa. Sasa njia ni moja. Andika jina lako hapo, kiti kiwe na mwenyewe, na jini hana tena pa kukaa."

"Halafu mimi nitakuwaje?"

"Utakuwa mwenye kuangalia. Mpaka kufa kwako."

"Mama, umeniita?" ilisema sauti ndogo kutoka kiooni.

Kidosho alikuwa amekaa juu ya mkeka, mdoli kwapani, anatazama. Nyuma yake pazia la buluu lilianza kuvimba, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.

"Toka hapo!" Mama Kidosho alipiga kelele. "Kidosho, kimbia! Mwite Bibi!"

"Sikusikii, Mama. Unanong'ona nini?"

"Andika!" alimgeukia Mkurugenzi, akamkaba kola, akambamiza kwenye kabati mpaka mafaili yakamwagika. "Andika jina lako! Ni mwanangu yule!"

"Na mimi nina watoto!" Mkurugenzi alimsukuma, akaipokonya karatasi mikononi mwa mganga. "Hakuna mkataba, hakuna jini. Naichana, yaishe!"

"Usichane!" mganga alilia. "Una sahihi humo!"

Alishaanza. Karatasi ilichanika kuanzia chini, palipokuwa na sahihi yake, na pamoja nayo uso wa Mkurugenzi ukachanika, kuanzia kidevuni ukakata mdomo, ukapanda shavuni, taratibu, kwa sauti ileile ya karatasi, meno yakaonekana mahali pasipostahili kuonekana meno, na yeye mwenyewe, kwa kutojua kilichokuwa kikimpata, akaendelea kuvuta mpaka ufa ukafika jichoni, ndipo mikono ikamlegea akaanguka kifudifudi juu ya mafaili yake, miguu ikipiga sakafu. Haikupiga kwa muda mrefu.

Mama Kidosho hakumtazama. Alikuwa anatazama kioo, ambamo mkono mwembamba ulikuwa umetoka kwenye pazia ukaizunguka shingo ya mtoto wake, na Kidosho alikuwa ameshaanza ule mluzi wa kifua anaoujua mama peke yake.

"Dakika moja," sauti ikahesabu.

"Nipe kalamu," Mama Kidosho alisema.

"Mwanangu, fikiri kwanza," mganga alimnong'oneza. "Ukikaa kile kiti hutoki."

"Dakika mbili."

"Kalamu!"

Akaandika jina lake lote, lake na la baba yake, juu ya zile nukta, damu ya Mkurugenzi ikiwa inalowesha ukingo wa karatasi. Wino haujakauka, macho yake yakafunguka kwa namna ambayo hayakuwahi kufunguka. Akanyakua kisu cha kukatia kamba za mizigo, akatumbukiza mkono kiooni. Ndani kulikuwa na joto kama la kinywa. Akapapasa, akashika mfupa, akaukata, akaukata tena, kile kitu kikageuka kumtazama na uso wake haukuwa na kope, kikamng'ata bega mpaka nyama ikabanduka, naye hakuachia, alikata na kukata huku anapiga kelele hadi ule mkono ukakatika, na yowe lililotoka humo likapasua madirisha yote ya ofisi kuelekea nje.

Harufu ikaondoka na upepo. Kiooni, bibi alikuwa amefika mbio, anamkung'uta Kidosho mgongoni. Mtoto akakohoa. Akavuta pumzi. Akalia.

Mama Kidosho alifika kwa mama yake jioni hiyo, bega limefungwa vitambaa. Alimkumbatia mwanawe mpaka mtoto akasema anaumia. Bibi alilia, akashukuru, akaweka maji ya kuoga.

Lakini kila Mama Kidosho alipofumba macho, alimwona Mzee wa Mechi. Alikuwa nyumbani kwake, amefungua mpira kwenye kompyuta aliyobeba kutoka ofisini, ili apate kusahau. Alimwona kwa karibu, mpaka mshipa wa shingo. Dakika nne, moyo wake ukahesabu. Dakika tano. Kucha zikaanza kumwasha.

Akafumbua macho upesi. Kidosho alikuwa amekaa mkekani na simu ya bibi, anatazama katuni, anacheka peke yake.

"Mama," alisema mtoto, "mbona unanishika kidole hivyo?"

Akaachia mkono ule kama aliyeshika kaa la moto. Akasimama. Akarudi kinyumenyume mpaka nje, kwenye kizingiti.

"Mama," alimwambia mama yake mzazi kwa sauti ya chini, "kesho mpeleke kwa muuguzi wa zahanati, awe anampimia dawa. Ile simu itupe chooni. Sasa funga mlango, weka na komeo."

"Na wewe je? Unakwenda wapi na jeraha hilo?"

"Funga kwanza. Na mkinisikia nawaita, hata nikilia, hata nikimwita kwa jina, msifungue."

Bibi alisimama kidogo, macho yake ya ukungu yakimtafuta binti yake. Kisha mlango ukafungwa. Komeo likaingia. Nyuma ya mbao Kidosho alianza kulia akimtaka mama yake, na mama yake, aliyekuwa ameshaanza kutembea akiifuata barabara, alimwona kila chozi.