Jina Waliloliazima

Jumatatu hiyo kompyuta ilinuka sufu iliyoungua. Si waya, ni sufu ya sweta. Chepkurui, muuguzi wa zahanati moja karibu na Londiani, aliitambua mara moja. Ndiye aliyemvua mgonjwa wake Chepngetich sweta yake mwaka wa tisini na saba, alipoanguka motoni siku tatu baada ya mhubiri kumwambia aache vidonge vya kifafa.

Chepkurui ndiye aliyekuwa akichapa barua za wagonjwa wa kifafa kwenye tovuti yao, kisha majibu akiyatoa kwa karatasi na kuyatuma kwa basi hadi Soin na Chepilat. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na majina ya marehemu wao.

Sasa, mwaka wa tisini na tisa, wafadhili walikuwa wamemleta Joab, fundi wa kompyuta kutoka Nairobi, aibadilishe tovuti sura. Akatia rangi, akatia picha za watu wanaocheka. Haya, rangi ni rangi. Lakini ukurasa wa marehemu haukuwepo tena, na chini ya barua ya Nyabate wa Chepilat, aliyeuliza kama aendelee na vidonge vinavyomlaza mchana kutwa, palikuwa na jibu: "Dada, mimi niliviacha na nikapona. Wako, Chepngetich."

Damu ikampanda Chepkurui kichwani.

"Nani ameandika huu upuzi?"

"Ni mimi, Sista," Joab alisema, akikoroga chai. "Website ilikuwa imelala. Watu wanataka kuona wenzao wakiongea. Na hayo majina hayakuwa na kazi."

"Huyo amekufa! Alikufa kwa kuviacha!"

"Basi si atanyamaza tu?"

Shenzi kabisa! Shule yote hiyo, na huruma hata kijiko hana.

"Hilo jibu limefika kwa Nyabate?"

"Nilituma na basi Ijumaa."

Chepkurui aling'oa waya wa modemu ili apate laini ya simu, lakini modemu ikaendelea kulia, mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, na ndani ya kile kilio zikasikika pumzi za mtu, pumzi nzito zenye mate, zikikoroma na kukatika na kuanza tena, vile vile alivyokuwa akipumua Chepngetich kila alipoanguka, huku harufu ya sufu ikijaa chumbani mpaka macho yakawawasha. Akapiga simu dukani kwa Sagini, mume wa Nyabate.

"Nyabate yuko aje? Ameacha dawa?"

"Alikuwa ameacha tangu Jumamosi, Sista," Sagini alinong'ona. "Lakini huyo mama ulituma leo asubuhi amekaa naye kitandani mpaka akameza."

"Mama gani?"

"Wa sweta imeungua. Sista, uso wake... Alisema anarudi ofisini, kwa mtu aliyemwita."

Joab alikuwa amesikia yote. Kikombe kilimponyoka.

"Nitarudisha majina, Sista, sasa hivi!" Akainamia orodha ya zamani na kuanza kuchapa, akisoma kila jina kwa sauti. "Kiptum. Marcella. Mosoti..."

"Nyamaza! Usiwaite!"

Kwao Chepkurui, mtoto akizaliwa, akina mama huita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likiitwa, basi huyo ndiye aliyerudi, na ndani ya mtoto huyo atakaa. Mtu wa Nairobi angejulia wapi?

"...Chepngetich," Joab alisema, na akapiga chafya.

Modemu ikanyamaza. Harufu ikatoka kwenye kompyuta ikahamia kwenye shati lake. Joab alimgeukia Chepkurui polepole, na kwa Kipsigis safi, lugha ambayo hakuwahi kujua hata salamu yake, kwa hasira ya mwanamke aliyesubiri miaka miwili, akaomba vidonge vyake.