Taa ya Kamioneti ya Évariste

Siku Léontine alipojuana na Évariste, gare ilifurika watu wa treni ya Kabalo na magunia yao. Léontine alikuwa amebeba cherehani kichwani. Évariste, ndani ya suti ya abakosti ya rangi ya majivu iliyopigwa pasi, akampigia honi kwa nyuma, ndani ya kamioneti yake kuukuu ya Peugeot, gari dogo la mizigo.

"Papa, unataka kunikanyaga?"

"Nataka kukupakia, mama mushonaji. Viti vyangu vimechanika, na roho yangu pia."

"Viti nitashona. Roho upeleke kwa padri."

Wakapendana. Kila magharibi alimpakia karibu na bandari, na kila mulango ulipofunguliwa, taa ya ndani haikuwaka.

"Swichi za milango zilioza na mvua, sheri wangu," Évariste alimwambia.

"Na kwa mama yako, utanipeleka lini?"

"Bado kidogo, moyo wangu."

Alipomwachia gari ashone viti, Léontine akataka kumfurahisha. Akanunua swichi mbili mpya, vile vidude ambavyo mulango ukifungwa huvibonyeza, taa ikazima. Akamwita jirani yake fundi, Papa Edmond. Fundi akalegeza skrubu kwenye nguzo ya mulango, akavuta, akacheka puani.

"Mama Léontine, hii ni nzima. Waya njo ilichomolewa, ikafungwa utepe wa skochi. Upande ule pia."

"Si mvua?"

"Mvua haijui kufunga skochi."

Sindano ikamchoma Léontine kidole, asisikie. Kumbe anafichwa gizani kama mali ya magendo!

"Weka mpya, Papa. Na ampuli ya taa, weka yenye nguvu."

Évariste alikuja kuchukua gari saa sita, jua kali, hakuona kuwa taa inawaka. Akapapasa viti, akamwita malaika.

"Leo usiningoje, sheri. Mama anafika na meli ya Uvira."

"Umusalimie," akasema Léontine, sauti laini kama mafuta ya mawese.

Magharibi akavaa kitenge cha manjano, hereni, na manukato ya sikukuu, akaenda bandarini. Évariste aliposhuka gatini kupokea mizigo, Léontine akaingia garini, akafunga mulango taratibu, akangoja.

Évariste akarudi na mama yake, Mama Pascasie, na kundi la watu wa kwao. Akafungua mulango kwa heshima. Taa ikawaka *paa!* Léontine yule, anang'aa.

"Évariste, huyu ni nani?"

"Ni... ni kliyante, mama, muteja wa gari tu. Na alinishonea viti."

Watu wakaangua kicheko. Léontine hakushuka.

"Jambo, mama. Mimi njo ninayekaa hapa kila magharibi. Mutoto wako alichomoa waya za taa ili nisionekane."

"Niliogopa, mama!" Évariste akalia. "Ulisema utaniletea bibi wa kuoa kutoka kwetu!"

"Nilisema ukikosa! Nani alikukataza kupata?"

Évariste akapiga magoti kwenye magamba ya samaki, abakosti na yote. "Léontine, nitakuoa. Hawa wote mashahidi."

Maneno yale Léontine alikuwa ameyangoja kwa hamu. Hata hivyo moyo wake ulikuwa bado haujashiba.

"Ulianza na *kliyante*," akasema, akishuka.

Mama Pascasie akamshika mukono. "Kwenu ni wapi, mutoto wangu? Nitakuja na wajomba kukuposa."

"Mutaa wa Kataki, mama. Uje muchana. Wewe uingie, ule, upumzike. Yeye abaki inje kwenye jua, kila anayepita amuone vizuri."