Chakula Kibichi Nacho Kina Kazi

Mimi kazi yangu ni kupiga pasi. Nasimama kwenye duka la dobi tangu asubuhi hadi jioni. Mashati, mashuka, suti za watu. Pasi ina moto na mvuke unanipanda usoni. Nikifika nyumbani miguu imevimba, na jiko linaningoja. Moto tena! Jamani, na mimi ni mtu.

Mume wangu ni kinyozi. Tunaishi na mama yake, yaani mama mkwe wangu, na kitinda mimba wetu, binti wa miaka sita.

Siku moja mteja mmoja aliniambia kwamba nyumbani kwake hawapiki. Wanakula mboga, matunda na karanga, vyote vibichi. Neno hilo "hawapiki" lilinikaa moyoni. Wengine wanataka kupunguza mwili. Mimi nilitaka kukaa chini tu.

Jumamosi nikaenda sokoni. Nikanunua kabichi nne, mchicha, nyanya, karoti na matango. Nikafunga kila kitu kwenye mifuko ya plastiki, nikarundika kwenye kona. Jiko nikalisukuma chini ya meza.

"Mama watoto, leo moto vipi?" mume wangu akauliza.

"Moto umestaafu," nikamjibu.

Mama mkwe akaitazama sahani yake ya majani. "Kwani mimi mbuzi?"

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Jumapili mume wangu akamnunulia mama yake kuku. Akamkatakata kwenye ubao wetu, akamchemsha. Alipomaliza, nikapangusa ubao kwa kitambaa. Nikachukua kisu kilekile, nikakatia kabichi. Niliona uchafu kidogo umebaki. Nikasema, potelea mbali, nimechoka.

Kumbe hata kupumzika sikupumzika. Kuosha, kumenya, kukata, yote nilifanya nimesimama. Kufika Jumanne mchicha umeoza na nyanya zinatoa maji. Jioni hiyo mtoto akaanza kutapika na kuharisha. Alilegea, macho yakaingia ndani. Tukambeba mbio hadi zahanati. Niliogopa mpaka nikasahau miguu yangu.

Walimpa dawa ya chumvichumvi iliyochanganywa na maji, kidogo kidogo, usiku kucha. Kesho yake akaomba chakula. Hapo ndipo nilipopumua.

Tuliporudi, jirani yetu alikuja kumjulia hali. Yeye ni mhudumu wa afya wa mtaa. Nilipomwona nikaanza kulia.

"Basi, narudi kwenye jiko," nikasema. "Nilitaka kupumzika, nusura nimuue mwanangu."

"Usilie, dada. Nionyeshe kwanza unapokatia mboga."

Nikamwonyesha. Ubao mmoja, kisu kimoja, kitambaa kimoja.

"Kuku alikatiwa wapi?"

"Hapo," mume wangu akasema.

"Na kabichi?"

"Hapohapo," nikajibu kwa aibu.

Jirani akamgeukia mume wangu. "Shemeji, wembe uliomnyolea mteja wa kwanza, unamnyolea na wa pili?"

Mume wangu akaruka kama ametukanwa. "Hata siku moja! Wembe natupa. Mashine nasafisha kwa spiriti. Taulo kila mtu na yake. Mimi si kinyozi wa ovyo!"

"Na hapa nyumbani?"

Mume wangu akauchukua ule ubao, akaugeuza huku na huku.

"Kuku mbichi huwa na vijidudu," jirani akaeleza. "Ukimpika, moto unaviua. Lakini kabichi yenu haipiti motoni. Vijidudu vikiingia, mnavila. Mtu anayekula kibichi inabidi awe msafi kuliko anayepika. Osha mikono kwa sabuni. Osha mboga moja moja kwa maji safi. Maji yenyewe yachemshwe kwanza, yapoe. Ukishakata, kula siku hiyohiyo."

"Na zilizooza?" nikauliza.

"Ulinunua nyingi mno, ukazinyima hewa. Nunua kidogo, mara mbili au tatu kwa wiki. Weka kwenye kikapu, penye kivuli. Kwanza kula mboga za majani laini kama mchicha. Kabichi na karoti zinaweza kusubiri."

Nikamletea bakuli. "Kumbe tunaweza kuendelea! Haya maharage nimeloweka. Leo tuyale hivihivi."

Alinishika mkono. "Haya hapana, dada! Maharage mabichi yana sumu, hata ukiyaloweka. Lazima yachemke sana mpaka yaive. Muhogo nao usiule mbichi. Nyama na mayai viive, na maziwa yachemshwe. Tena mtoto na bibi wasiishi kwa vibichi peke yake. Wapeni uji, mayai, maharage yaliyoiva."

"Mwambie huyo!" mama mkwe akadakia. "Moto haujastaafu, ulikuwa likizo."

Wote wakacheka. Mimi hasira zikanipanda.

"Na nani atapika? Nani ataosha hizo mboga moja moja? Kutwa nzima nimesimama! Humu ndani mwenye mikono ni mimi tu?"

Kicheko kikakatika. Mume wangu akakuna kidevu.

"Mchana sina wateja wengi," akasema polepole. "Nakaa nasoma magazeti ya zamani. Mimi nanyoa watoto wanaolia na kurukaruka. Kabichi itanishinda?"

"Nami nitachambua mchicha," mama mkwe akasema. "Nikiwa nimekaa."

Kesho yake mume wangu alinunua mbao mbili na visu viwili. Vya nyama alivipaka alama ya rangi nyekundu, vya mboga akaviacha bila alama. Akaleta chujio kubwa na mabakuli yenye vifuniko. Vitambaa anavifua mwenyewe kila siku. Akapiga misumari ukutani, kila chombo na mahali pake. Mara mbili kwa wiki anachemsha maharage. Ukigusa ubao wake bila kunawa, utasikia kelele mpaka nje.

Sasa imepita miezi miwili. Mtoto hajaharisha tena. Mboga hazitupwi. Mama mkwe anakula matango, ingawa hataki tumwone.

Kazi yangu ni ileile. Jana nilirudi nimechoka kama kawaida. Mume wangu alikuwa mezani, amevaa koti lake la kinyozi.

"Anayefuata!" akaita.

Nikavua viatu. "Nikusaidie nini?"

"Kaa."

Alinivutia kiti. Kulikuwa na kabichi, karoti, parachichi na karanga, na maharage ya moto pembeni. Nikakaa. Nikala mpaka nikamaliza, na hakuna aliyeniita.