Nyuki Wasiopewa Tanzia

Jumamosi ile asubuhi Gorazd alikwenda kwa Drago, mkodishaji magari pale mjini kwetu Tržič, akachukua gari jeupe la mizigo. Theluji ilikuwa imekatika, kijua kimechomoza, na Drago alikuwa na utani wake wa siku zote.

"Ukinikwaruzia hili, bwana, nakuozesha dada yangu. Na dada yangu unamjua."

Gorazd alicheka. Alikuwa na sababu ya kucheka. Mjomba wake Jernej alikuwa kaburini tangu majani yalipopukutika, na kwa kuwa mzee hakuacha mtoto, mizinga yake ya mbao yenye michoro usoni ilikuwa ya Gorazd sasa. Mnunuzi alikuwa akimsubiri ng'ambo ya mpaka, upande wa Austria. Hadi saa ya chakula cha mchana angekuwa ameshaikabidhi yote, na jina la Jernej lisingemsumbua tena.

Alipokuwa akiipakia mizinga nyumbani kwa mzee, Bibi Rezka, jirani wa marehemu, aliingia uani na shali yake kichwani.

"Umewaambia?"

"Kina nani?"

"We mtoto, usinichezee. Nyuki! Umewagongea ukawaambia bwana wao amefariki?"

"Bibi, baridi yote hii, si wamelala?"

"Hata aliyelala huamshwa akapewa habari ya msiba. Waambie. Na uwaambie kweli, hao hawadanganyiki."

Kwetu mfugaji akifa, mrithi hugonga kila mzinga, akainama na kutoa tanzia. Gorazd alilijua hilo tangu utotoni. Lakini kila alipoinua mkono agonge, alikumbuka mzee alivyokufa. Jernej aliteleza kwenye ngazi ndani ya nyumba ya nyuki, kile kibanda cha kupangia mizinga, akavunjika nyonga. Akaita. Gorazd alikuwa nje, amekaa kwenye benchi, bado amenuna kwa sababu mzee alikataa katakata kuuza mizinga. Akawasha sigara. Sauti ilipokauka, mzee akawa anagonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Gorazd akawasha nyingine, akangoja mpaka kukawa kimya. Roho mbaya namna hiyo, hata Shetani angeona haya kukaa nayo benchi moja.

"Nitawaambia hukohuko," akamjibu Bibi Rezka, akaubamiza mlango wa nyuma wa gari.

Barabara ya Ljubelj inapanda mlima kwa kona mpaka kwenye handaki, na mpaka wa nchi uko ndani humo, tumboni mwa mlima. Gorazd alipanda akipiga mluzi. Hakukuwa na gari mbele wala nyuma. Akaingia.

Katikati, injini ikazimika. Taa nazo zikazimika. Akageuza ufunguo. Kimya.

Ndipo akasikia kugonga.

Kulitoka nyuma, kwenye mizigo. Taratibu. Vifundo vya vidole juu ya mbao. Mzinga wa mwisho, kisha uliofuata, kisha uliofuata, kukija mbele. Kukafika kwenye bati nyuma ya kichwa chake. Kukakoma. Gorazd alielewa kwamba kulikuwa kunamngoja.

"Amefariki," akanong'ona. "Bwana wenu amefariki."

Kimya.

"Alianguka. Alikufa palepale. Hakuna aliyemsikia."

Mvumo ukaanza. Si nyuma. Ulikuwa chini ya kiti chake. Akavuta kitasa. Mlango haukufunguka. Akavuta cha upande wa pili. Haukufunguka. Kitu chenye miguu kikapita shingoni mwake. Kingine kikatua kwenye mdomo wa chini.

"Nilimsikia!" akalia. "Nilimsikia, jamani, nili—"

Wakati wa kusema kweli ulikuwa umekwisha, na waliokuja hawakuja kumsikiliza.

Dereva wa lori alilikuta gari lile katikati ya handaki, taa zinawaka, injini inanguruma vizuri kabisa. Milango ilikataa kufunguka. Polisi walipovunja kioo, walipigwa na harufu nzito ya asali. Kila upenyo ulikuwa umezibwa kwa gundi ya nyuki, ile ya kahawia. Gorazd alikuwa ameketi wima, macho wazi, pua na kinywa vimejazwa gundi hiyohiyo. Mfugaji yeyote wa kwetu atakwambia: panya akifia mzingani, nyuki hawawezi kumtoa, kwa hiyo humziba mwili mzima kwa gundi hiyo asije akawaozea ndani.

Walipofungua nyuma, mizinga yote ilikuwa bado imepigiliwa misumari. Ndani nyuki walikuwa wafu, wakavu, wakivunjika mkononi. Mnunuzi, ambaye nyuki anawajua, alisema walikufa majani yalipopukutika.

Padri wetu husema kisasi ni cha Mungu. Sawa, lakini nyuki hawaendi kanisani.

Gundi iliyokuwa kinywani mwa Gorazd ilikuwa bado ya moto. Juu yake palikuwa na alama ya dole gumba la mtu, lililoikandamiza ili izibe barabara. Polisi walililinganisha na la Gorazd. Halikuwa lake.

Bibi Rezka aliposimuliwa, hakuuliza lilikuwa la nani. Aliuliza kama Gorazd alikuwa bado hai lilipomkandamiza.

Daktari alisema ndiyo, alikuwa hai.

"Basi vizuri," bibi akasema.