Shairi la Guka

Kila jioni saa kumi na mbili, Guka Kinyanjui alifika nyumbani Makongeni kutoka kibanda chake cha kushona viatu, akaitundika kofia, akamwuliza mjukuu wake Emmah, "Umekula?" Akinawa mikono aliuliza tena. Akiketi mezani, mara ya tatu. Emmah, bingwa wa kuiga watu, alimwiga hadi shangazi zake wakapaliwa na chai.

Jumatatu Guka alifariki. Familia ikaamua kwamba Emmah, aliyesifika kwa Kiswahili, angesoma shairi kwa niaba ya wajukuu siku ya mazishi, Ijumaa.

Aliandika beti nne kwa kikao kimoja, na kila ubeti uliishia kwa "Umekula?" Kisha akaikumbuka kalamu nyekundu ya mwalimu wake, Bi Mwau, isiyomhurumia yeyote aliyerudia neno. Kwa uzito wa jaji anayetoa hukumu, Emmah alifuta maswali yote manne. Mahali pake akaweka "nguzo", "taa", "ngao" na "nyota".

Alhamisi Bi Mwau alikuja kuwapa pole. Emmah akamsomea jikoni. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akasema shairi lilikuwa safi, ila mzee huyo angeweza kuwa babu wa mtu yeyote. Akaomba daftari.

"Mbona ulifuta haya?"

"Ulitukataza kurudia, mwalimu."

"Hebu soma ulivyoandika mwanzo."

Swali la kwanza lilimfanya Emmah atabasamu. La pili alilisoma kwa sauti ya Guka mwenyewe. La tatu likamleta Guka mzima, na mikono yake yenye harufu ya gundi. La nne halikutoka.

Ijumaa alisoma vivyo hivyo mbele ya waombolezaji. Swali la nne lilipomshinda tena, Shangazi Gathoni alilitamka kutoka alipoketi. Wengine wakalirudia, polepole, mmoja baada ya mwingine, hadi hapakuwa na jicho kavu. Emmah akalia bila kujali nani anamwona.

Kaburi lilipokwisha kufukiwa, Bi Mwau alimshika bega.

"Kwenye insha ukirudia neno nitakukata alama, usinizoee," alisema. "Lakini anayeomboleza hurudia kwa sababu anaita, na anayeitwa haitiki. Andika ukweli, Emmah. Usiusafishe mpaka ukampoteza mtu wako mara ya pili."