Mboga za Lubungwe

Kinusi kiliinamisha shingo yake ya chuma juu ya tenga la kikongwe, kikavuta pumzi. Mtambo huo, mrefu kama nguzo ya umeme, ulisimamishwa kwenye lango la Morogoro kuzuia mboga za shambani zisiingie mjini. Sheria iliruhusu mboga za pakiti tu, zile zinazokuzwa ndani ya minara kwa mwanga wa taa na maji ya dawa, bila kugusa ardhi. Kinusi kiliweza kunusa chembe moja ya udongo na kutaja shamba ilikotoka.

Aliyekibuni alikuwa mhandisi Auleria Kobelo, na siku hiyo zamu ilikuwa yake. Kikongwe mwenye tenga alikuwa mama yake mzazi, Bi Genoveva.

Auleria mwenyewe ndiye aliyemwita. Mwanawe Fideli, wa miaka minne, alikuwa akitokwa damu kwenye fizi, na kidonda chochote alichopata hakikupona. Auleria alipima majani ya pakiti kwa siri akakuta yanapendeza macho tu. Ndani ni maji na rangi. Kampuni ya Minara ilikuwa inalijua hilo siku nyingi. Ndipo akamtumia mama yake salamu: alete mboga ya mnafu, auoshe mara saba, na mizizi aikate yote.

Bi Genoveva aliuosha mara saba. Mizizi hakuikata. Njia kutoka kwake Lubungwe ilikuwa ya siku mbili kwa miguu, na hakutaka mjukuu wake ale mboga iliyonyauka.

Taa ya Kinusi ikawaka nyekundu. Mlinzi akasogea, akamuuliza bibi mboga zile anampelekea nani, maana mpokeaji naye ana kosa, na adhabu yake ni kufukuzwa mjini na watoto wake. Bi Genoveva akamtazama binti yake aliyesimama hatua tatu kutoka pale, ndani ya koti jeupe, midomo imemkauka.

"Sina mtu hapa," akasema. "Nilikuja kuuza."

Mlinzi akageuka. "Mhandisi, unamfahamu huyu?"

Auleria alimfikiria Fideli, na hospitali ambayo ingemfungia mlango mtoto wa mtu aliyefukuzwa.

"Simfahamu," akasema.

Likabaki jambo moja. Kinusi hakikuweza kutoa amri yoyote mpaka mhandisi akibonyeze kwa kidole gumba. Alibonyeza. Kikataja kwa sauti tulivu: Lubungwe, mteremko wa mashariki. Ndege za kunyunyizia zikaruka kuelekea milimani, zimebeba maji ya chumvi kali ambayo huua udongo usioteshe kitu tena. Auleria alidhani zitamwagia shamba moja. Zikamwagia mteremko mzima, na mashamba ya majirani wote wa mama yake. Mnafu ulitupwa kwenye tanuri Bi Genoveva akiangalia, kisha akarudishiwa tenga lake.

Miezi mitano baadaye watu wa Lubungwe walikuwa wamehamishiwa kwenye mabanda nyuma ya minara, wakipanga foleni kupewa pakiti. Auleria alimkuta mama yake huko, amekonda, macho yamefifia. Auleria alikuwa amekuja kumwambia kwamba Fideli alizikwa Jumanne.

Kabla hajafungua kinywa, Bi Genoveva alimnyooshea pakiti mpya, yenye picha ya milima ya kijani.

"Nisomee hapa, mwanangu. Sioni vizuri siku hizi."

Auleria akasoma. "Mboga halisi za shambani, kutoka Lubungwe."

Kikongwe aliipapasa picha kwa kidole.

"Kumbe bado zipo," akasema. "Basi mimi sitaila. Mpelekee Fideli. Mwambie ni za kwetu."

Auleria aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru.