Bakuli Halirudi Tupu

Asubuhi ile pumba zilinuka nywele mbichi.

Sumie Hatakeda alikuwa ameutumbukiza mkono ndani ya pipa mpaka kiwikoni, akizigeuza pumba za mchele za kuchachushia mboga, za chini zije juu na za juu ziende chini, kazi aliyoifanya kila siku ya Mungu kwa miaka thelathini na mmoja. Alizijua harufu zake zote. Zikizidiwa na joto zilinuka uchachu wa kuchoma pua, zikipungukiwa chumvi zilinuka soksi, na zikiwa na afya zilinukia kama mkate uliotoka kuokwa. Nywele hazikuwamo kabisa. Akanusa tena, akasonya, akaongeza chumvi na pilipili kavu, akafunika pipa na kwenda kufungua duka.

Duka lenyewe liko kichochoro cha pili kutoka mtoni, mjini Kokura, Japani. Linauza matango, figili na bilinganya za kuchachushwa, na samaki waliochemshwa kwa pumba za mchele, na vyote hivyo vinatoka kwenye pipa moja. Pipa hilo lilianzishwa na bibi wa mama mkwe wake. Wakati wa vita lilibebwa mgongoni kama mtoto, vyombo vingine vikaachwa viungue. Pumba hizo zinataka mkono wa mtu kila siku. Ukiziacha zinaoza, na zikioza hakuna mahali pa kununua nyingine za umri huo. Kwa ajili ya pipa hilo Sumie hakwenda hata fungate. Mumewe alipofariki, alirudi kutoka mazishini akazikoroga akiwa bado na nguo nyeusi.

Sasa zinanuka nywele. Alimjua wa kumlaumu, ila hakuwa na njia ya kumlaumu, na hilo ndilo lililomkera kuliko harufu yenyewe.

Mwanamke huyo aliitwa Shizuno. Alikuja mara ya kwanza mvua za Juni zilipoanza, amevaa viatu vyeupe visivyo na tone la tope. Kifuani alibandika pini ndogo ya umbo la tone la maji, alama ya Watu wa Chemchemi, wale wa dini mpya waliohamia kwenye kliniki ya meno ya zamani kando ya reli na ambao mtaa mzima uliwakwepa. Sumie alipoiona ile pini akajiweka sawa nyuma ya kaunta. Maneno alikuwa nayo tayari: hatununui, hatusomi, hatujiungi.

Lakini yule mgeni hakuuza kitu wala hakuhubiri. Mikononi alishika bakuli jekundu lenye kifuniko.

"Samahani kwa usumbufu, Bi Hatakeda. Sisi ni majirani wapya. Nimewaletea supu kidogo, chakula cha hovyo tu cha kwetu."

"Jamani, mbona mmejisumbua," ulimi wa Sumie ukajibu wenyewe, hata kabla hajauzuia.

"Nani huyo?" mama mkwe wake, bibi Fusae, aliuliza kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa na miaka themanini na sita, goti bovu na masikio mazima. "Jirani? Basi mpokelee, usimsimamishe na bakuli lake kama ombaomba!"

Bakuli likapokelewa. Supu Sumie aliimwaga. Bakuli, hata hivyo, ni la watu na lazima lirudi kwao, na katika mji ule hakuna mwenye akili zake anayerudisha chombo cha jirani kikiwa kitupu. Jikoni Fusae alikuwa na droo nzima ya viberiti kwa kazi hiyo tu. Nyumba ikikosa cha kutia, unatia kiberiti, na heshima imesimama.

Shizuno alipolifuata bakuli, Sumie akamwuliza angependa nini.

"Msijisumbue," alisema akiinama. "Labda konzi moja ya pumba zenu, nasi tuanzishe pipa letu."

Watu wengi waliomba hivyo, na kwa mwenye pipa ni sifa. Sumie akachota konzi moja akatia. Kosa lilifanyika pale pale, mchana kweupe, kwa adabu zote.

Baada ya siku mbili bakuli likarudi na boga la kuchemsha. Sumie akalipeleka na matango. Likarudi na vitumbua vya mchele. Akalipeleka na figili, huku akijitukana njia nzima. Alitaka mwanamke yule akome, lakini angemkomeshaje mtu anayekupa? Alikwenda mpaka kituo kidogo cha polisi penye kona.

"Amekuuzia kitu, mama?" askari aliuliza.

"Hapana."

"Amekutisha? Amekulazimisha kusali?"

"Hapana. Ananiletea chakula."

Askari akajikuna shingo kwa kalamu. "Kwa hiyo umekuja kushtaki kwamba unapewa zawadi?"

Sumie alitoka pale masikio yakiwaka moto. Alipofika nyumbani akakuta bilinganya zote alizozika jana zimekuwa nyeusi, laini na zenye joto, ingawa siku ilikuwa ya baridi. Ndani ya pipa lililofunikwa palisikika sauti, ndogo, ya mtu anayemeza.

"Mama, umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia nini? Nisikie wewe unavyokoroga kwa hasira," Fusae alisema. "Pumba haziwezi kuwa nzuri kwa mkono wa namna hiyo."

Siku ya pili yake, saa tatu asubuhi, mvua ikipiga bati na wateja wawili wakisubiri nje chini ya mwavuli mmoja, Sumie aliuingiza mkono ndani, akashuka polepole akitafuta matango, akapita tabaka la juu lililokuwa baridi na la kati lililokuwa vuguvugu, akafika chini kabisa ambako palikuwa na joto la kwapa, na hapo vidole vyake vikakutana na kitu chembamba alichodhani ni karoti aliyoisahau, akakishika akivute, akahisi kina kifundo, na kifundo kingine, na ukucha, na kabla hajakiachia kile kitu kikamshika yeye, taratibu, bila nguvu yoyote, kama mgonjwa anavyomshika mkono mtu aliyekuja kumtazama.

Hakupiga kelele. Wateja walikuwa nje. Alivuta mkono, ukatoka, na kwenye kifundo chake cha mkono ulizunguka unywele mmoja mrefu wa mvi.

Shizuno alikuja mchana, na bakuli. Safari hii Sumie aliinama juu ya kaunta, akasema chini chini Fusae asimsikie.

"Umetia nini kwenye pipa langu?"

"Mimi sijagusa pipa lako hata siku moja," Shizuno alijibu, naye kwa sauti ya chini, kama wanaozungumza penye mtoto aliyelala. "Mama Mkuu wetu aliaga dunia wakati wa maua. Tangu hapo hana pa kukaa. Ardhi ina baridi, na yeye hapendi baridi. Anataka penye joto, penye mkono wa mtu kila siku. Sisi tulizijaribu pumba zenu kwake, akazipenda. Wewe hukukosa hata siku moja, si kweli? Miaka thelathini na mmoja."

Sumie hakuwahi kumtajia mtu yule idadi hiyo.

"Mtoe."

"Nitamtoaje mgeni aliyekaribishwa?" Shizuno alisukuma bakuli mbele kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na maharage matamu. "Bado kidogo tu atakuwa amehamia moja kwa moja. Samahani sana kwa usumbufu."

Akainama, akaenda zake kwa viatu vyake vyeupe. Sumie alilibana bakuli kwa woga, na zaidi ya woga, kwa hasira. Angetukanwa angejibu. Angeibiwa angempiga mwizi.

Ijumaa mtawa wa Kibudha, Ryōen, alikuja na pikipiki yake kuwaombea marehemu wa nyumba, kama ilivyokuwa desturi kila mwezi. Fusae alikuwa zahanati kwa ajili ya goti. Ryōen alisoma darasa moja na Sumie, na hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Hata makaburini alikula karanga. Sumie akamsimulia yote, akampeleka penye pipa. Ryōen akaweka shanga zake za sala juu ya kifuniko, akaanza kusoma. Shanga zikatulia. Kisha zikaanza kupanda na kushuka, juu, chini, juu, chini, kwa mwendo wa kifua cha mtu anayepumua.

Akazitwaa haraka, akamvuta Sumie mpaka dukani.

"Huyu siwezi kumfukuza," alinong'ona. "Ana mwaliko."

"Mwaliko gani? Mimi nimemwalika nani?"

"Bakuli limekwenda na kurudi mara ngapi?"

"Sita. Saba."

"Likiwa na kitu?"

"Sasa lingekwendaje tupu, Ryōen? Mimi mshenzi?"

Mtawa akacheka, lakini uso haukucheka. "Hapo ndipo walipokupatia. Kila ukitia kitu unasema: karibu, endelea. Sikiliza. Lirudishe tupu. Usiiname, usishukuru. Sema hutaki tena. Akikosa mwaliko atatoka, na pumba zako zitapona. Lakini ukitia hata punje moja ya mchele, umemkubali mara ya mwisho. Huyo hatatoka tena, na mkono wako atauhesabu ni wake."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Unaliweza?"



Sumie hakumweleza Fusae. Kumwambia kikongwe kwamba kuna maiti ya mtu katika pipa la bibi yake kungemwua. Kesho yake jua lilipochomoza kidogo kati ya mvua, alilisugua bakuli, akalikausha, akalitazama ndani mara tatu, akafunika.

"Umetia nini?" Fusae aliuliza.

"Hakuna kitu, mama. Leo linarudi tupu."

"Tupu?"

"Tupu. Na nakuomba usiniulize."

Alikaza mwili akingoja kelele. Mama mkwe huyu aliwahi kumnunia wiki nzima kwa sababu ya vijiti vya kulia vilivyopangwa upande. Lakini Fusae alimtazama tu, akasema, "Haya."

Mteja akaingia kutaka samaki. Sumie alipomaliza kumhudumia, akakuta bakuli limefungwa kwa kitambaa cha zambarau, fundo zuri juu.

"Angalau lisiende uchi," Fusae alisema.

Sumie alimwonea huruma, akalichukua hivyo hivyo.

Penye kliniki ya zamani, Shizuno alikuwa tayari amesimama mlangoni. Shingo ya Sumie ilitaka kuinama yenyewe. Aliizuia mpaka ikauma. Alimsukumia bakuli kifuani.

"Bakuli lenu hilo. Halina kitu. Na hatutaki tena kitu chenu, msije."

Katika miaka hamsini na minne hakuwahi kumwambia mtu maneno kama hayo. Uso ulimwaka aibu. Shizuno alilipokea kwa mikono miwili, akalipima uzito. Kisha akainama, chini sana, na alipoinuka alikuwa na machozi.

"Tumepokea," alisema.

Lia tu, Sumie alisema moyoni, akageuka. Alirudi karibu anakimbia. Njiani alinunua askrimu akaila akitembea, hadharani, kama msichana wa shule, wala hakujali nani anamwona. Ushenzi ulimfaa, akaona, na alichelewa kuujua.

Nyumbani alifunua pipa. Harufu ya mkate ikampiga usoni. Akaingiza mkono: pumba baridi, laini, zimetulia. Akashuka mpaka chini kabisa, hapakuwa na kitu ila pumba. Machozi yakamtoka.

"Mama! Zimepona! Njoo unuse!"

Fusae alikuja akichechemea, akainamisha pua, akatabasamu.

"Si unaona? Mambo na majirani yanamalizwa kwa adabu."

"Adabu gani, mama? Mimi nimewarudishia bakuli tupu."

"Tupu! Katika nyumba hii?" Fusae alimpapasa bega. "Nilitia kiberiti. Nikakizungushia karatasi kisigongegonge. Sikutaka wakuseme vibaya, mwanangu."

Mkono wa Sumie ulikuwa bado ndani. Chini kabisa ya pumba kidole kimoja kilipita kati ya vidole vyake, kisha cha pili, kisha vyote, vikajifunga pamoja na vyake kama vya mtu aliyefika nyumbani kwake. Harufu ya nywele ilipanda taratibu. Akavuta. Mkono haukutoka.

Mlango wa mbele ukasukumwa kando.

"Samahani kwa usumbufu," ilisikika sauti ya Shizuno, na nyuma yake nyayo nyingi za watu wakivua viatu.

"Mama, usiwakaribishe," Sumie alinong'ona. "Mama, nakuomba."

Lakini Fusae alikwishaiweka sawa aproni yake, akaanza kujikokota kuelekea dukani.

"Karibuni, karibuni!" aliita. "Jamani, mbona mmejisumbua tena!"